Kiu ya Risasi

Umeme ulirudi saa nane usiku, bila hodi.
Niliamka juu ya gunia langu bandani
nikasikiliza: magari kumi na mawili ya gofu
yanatokota polepole, kama sufuria za maharage
zilizosahauliwa na mama mmoja.

Hiyo ndiyo sauti nzuri. Ukiikosa, kuna iliyokufa.

Kila gari lina batri sita, kila batri vinywa vitatu.
Piga hesabu mwenyewe; mimi nimechoka kupiga,
nimebaki kuvifungua kimoja kimoja,
nimeuma tochi, kiberiti kiko mbali.
Mama Mwika alinionyesha nyusi zake siku ya kwanza:
hazikuwapo.
"Batri ikilishwa hucheua," alisema,
"na mcheuo wake unashika moto."

Alikuwa ametoka kiwanda cha shaba, miaka ishirini
kando ya matangi ya asidi, chini ya bomba lile la moshi
ambalo Lubumbashi nzima hulitazama kujua nyumbani ni upande gani.
Hakunifundisha kwa upole.
Chaji kwanza, maji baadaye. Ukijaza kabla,
asidi itavimba, itapanda, itakutapikia viatu.
Lakini ukikuta bamba ziko wazi, zimekauka juu,
zifunike kidogo tu, kama unavyomfunika mgonjwa wa homa,
ndipo uwashe.
Usivuke pete ya shingoni.
Asidi usiongeze: asidi haiendi popote, kilichoondoka ni maji.
Na maji ya bomba?
Alinitazama kama nimemtukania mama.

Bamba zenyewe ni za risasi.
Mugaruka, mlinzi wa lango, alikimbia kutoka mashariki;
akilisikia neno hilo, mabega yanampanda.
Nilimwita aone: risasi ya kijivu, imelala majini,
haimtafuti mtu, inatafuta kunywa.
Alichungulia muda mrefu.
"Kumbe inaweza kutulia," akasema, akarudi langoni.

Oktoba, jakaranda zinamwaga zambarau kwenye nyasi za wachezaji,
na joto linakunywa kutushinda.
Dumu mbili za wiki zinakuwa nne.
Kitasa cha banda kilipovunjika, dumu moja nililipeleka Katuba,
nikalificha chini ya kitanda.
Bomba letu lilikuwa linakohoa kutu tangu Jumanne.
Ngosa, miaka sita, alilikuta, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha:
"Baba, maji haya hayana kitu ndani."

Kweli. Hayana chokaa, hayana udongo mwekundu, hayana hata ladha.
Ni maji safi kuliko yote yaliyowahi kuingia nyumba hii,
nami nikamwambia ayarudishe,
ni ya magari.

Akayarudisha. Hakulia. Afadhali angelia.

Asubuhi ninasugua vichwa vya nyaya
kwa soda ya mikate na mswaki wa zamani wa Musau.
Ukoko wa kijani unabanduka, kijani kile kile
cha tembo wadogo wa malakiti wanaouziwa wageni:
shaba yetu, hata ukiifunga ndani ya gari la mwingine,
inatafuta njia ya kurudi kuwa jiwe.
Mkurugenzi anafika saa moja, anakanyaga, gari linaondoka kimya.
Hajawahi kuuliza kwa nini linaondoka.
Nyumbani Musau anahesabu matundu ya asidi kwenye shati langu,
kumi na moja sasa,
anayashona kwa uzi wowote uliopo, mengine mekundu.

Jana, kabla ya zamu, nilichemsha maji ya bomba mara mbili,
nikayaacha yatue, nikayachuja kwa kitambaa cheupe,
nikammiminia Ngosa kwenye chupa yake ya shule.
Nilisimama kidogo chini ya shingo.
Mkono umezoea.